Mikate ya Nyimbo Tatu

Mimi nasema wazi, na haya niliyasema mbele ya mkwe wangu mwenyewe, sikumsengenya: hip hop siyo muziki. Ni mtu amekasirika halafu mwenzake akakosea akampa kipaza sauti. Muziki una gitaa. Una tarumbeta. Una mwanamume mzima anayelia kwa adabu kwa sababu mpenzi wake amemfungia mlango, na analia polepole ili na majirani wapate kusikia vizuri. Hawa wengine wanalia nini? Hawalii, wanafoka. Kutwa ni mimi nani na wewe nani, nina hiki na wewe huna. Mambo hayo nikiyataka naenda kusimama sokoni kwa wauza samaki, nayapata bure.

Mkwe wangu ni mke wa kijana wangu wa pekee. Kijana mwenyewe anaendesha malori ya safari ndefu, anakuja nyumbani kufua na kulala. Alipooa tu akamleta mkewe kwangu na begi lake, akasema, "Mama, wewe usikae peke yako, na yeye asikae peke yake." Nikamwambia mimi sikai peke yangu, nakaa na tanuri. Akacheka, akawasha lori lake, akaenda zake.

Kweli nakaa na tanuri. Liko uani, la matofali, marehemu mume wangu alilijenga kwa mikono yake, na mimi ndiye mwoka mikate wa mtaa huu tangu watu hawajajua mikate ya kiwandani iliyofungwa kwenye plastiki. Sasa wengi wamehamia huko kwenye plastiki. Siwalaumu. Nawanunia tu.

Huyo mkwe, nisimnyime haki yake, ana mikono. Anakanda unga mpaka unakuwa laini kama shavu la mtoto, wala halalamiki moto, wala haogopi kuni. Tatizo lake ni kichwa. Kichwa kimejaa midundo. Akikanda anatikisika, akipanga mabati anatikisika, na midomo inamchezacheza, anachana mistari kimyakimya, maana kuimba hasa hawezi. Sauti yake ya kuimba ni ya mlango uliokosa mafuta, na mwenyewe anakiri.

Siku ya kwanza tu nikamuuliza, "Binti, unasali?"

"Hapana, Mama. Nachana."

"Unachana nini? Hapa hakuna nguo."

Alicheka mpaka akashika meza. Ndipo akanieleza kwamba kuchana ni kule kufoka kwao, na ndiyo sanaa yenyewe, ina vina na ina mizani. Nikamwambia mimi nina mizani ya kupimia unga na haijawahi kumtukana mtu.

Tukaanza hivyo, na hatukuacha. Asubuhi tunagombana kuhusu muziki, mchana tunapumzika, jioni tunagombana tena. Mimi nikamwekea kipimo changu: wimbo wa kweli unapigika mluzi. "Haya, pigia mluzi huo wako," nikamwambia. Akajaribu. Ikatoka fyu, fyu, fyu, hewa tupu. Nikamcheka kutwa nzima. Yeye naye akaniwekea chake: "Muziki ni kile ambacho kikipigwa, Mama, huwezi kukituliza kichwa." Akaniwekea wimbo wake mmoja kwenye simu, nami nikakaa kwenye gunia la unga nimekaza shingo mpaka ukaisha. Shingo iliniuma siku mbili, lakini haikutikisika. Akasema nimedanganya. Nani kadanganya? Shingo ni yangu.

Niseme na la kweli. Tangu baba yake kijana wangu afariki, sikuwa na mtu wa kugombana naye. Watu hawajui hiyo ni njaa ya namna gani. Unaamka una neno zuri la kumchoma mtu, unaangalia huku na huku, hakuna wa kumchoma. Binti huyu alipokuja nilishiba.

Sasa sikiliza namna tunavyooka kwangu, maana ndipo balaa lilipotokea. Mimi sioki kwa saa. Saa ya ukutani ilikufa kwa unga na joto zamani sana. Mikate yangu inaiva kwa nyimbo tatu, nyimbo za bendi ndogo ya rafiki zake marehemu mume wangu, bendi iliyopiga kwenye harusi za mtaani ikafa bila kufika popote. Wimbo wa kwanza ni wa yule aliyefungiwa mlango. Tarumbeta ikiingia, mikate ya mbele naisukuma nyuma kwa ubao wangu wa mpini mrefu. Wa pili ni wa mtu aliyeachwa na treni. Akisema "ngojeni" mara ya mwisho, nafungua kitundu cha juu, moshi utoke. Wa tatu ni wa mtu anayewalalamikia wakweze, na gitaa likimaliza, mkate unatoka. Ni dakika ngapi? Sijui. Sijawahi kuhesabu na sina haja ya kuhesabu. Mkwe wangu alinishika na simu yake mara chungu nzima, "Mama, tupime tu, tujue," nami nikamwambia nyimbo zinajua, wewe na mimi tutajulia nini?

Kanda yenyewe ililiwa na panya, lakini kijana wangu alikuwa ameshazihamishia nyimbo kwenye kiflashi, hiki kidude kidogo cha kuchomeka redioni. Zilikuwa humo tu. Mkwe wangu alizitafuta kwenye simu, hakuziona. Hazipo popote duniani.

Basi siku moja, binti wa watu, kwa nia njema kama alivyodai, akaingiza wimbo wake kwenye kiflashi, katikati ya ule wa treni na ule wa wakwe. Alitaka kunishtua kidogo, tucheke. Mimi nikatoka nje kupasua kuni, nikiwa nasikiliza kwa mbali, nangoja gitaa. Nasikia mtu anafoka. Nikajua ni jirani na mkewe, sikujali, nikaendelea kungoja gitaa langu. Mikate siku hiyo ilitoka kama vigae. Ungeweza kuezekea choo.

Nilimfokea. Nilimfokea kweli, kuliko vile mtu anavyotakiwa kumfokea mtoto wa mwenzake. Nikamwambia ameniharibia tanuri la marehemu kwa makelele yake. Akaufuta wimbo wake, akaomba radhi, na jioni hiyo hakunijibu neno. Jioni ya pili vilevile. Ya tatu akanijia na kitambaa kichwani, taratibu, akasema, "Mama, dada yangu ana saluni yake, anahitaji msaidizi. Naona hapa kazi yenyewe ni ya mtu mmoja siku hizi, na mimi nakuudhi tu. Jumapili nitaondoka. Nimeshaongea na mume wangu."

Ningemwambia usiende. Neno lenyewe dogo. Nikasema, "Ni juu yako."

Usingizi haukunijia vizuri. Nikafikiri: amesema kazi ni ya mtu mmoja. Basi nikipata kazi ya watu wawili hana sababu tena, na mimi sitakuwa nimemwomba. Nikavaa viatu vya kwendea mjini, nikaenda shule ya bweni, nikamwona Matroni anayesimamia chakula cha wanafunzi. Mama mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, anakutazama kama vile hujanawa mikono. Nikajishusha, mimi ambaye sijishushi, nikamwambia mikate yangu inashinda ya kiwandani. Akasema Ijumaa atakuja mwenyewe uani kwangu aonje inavyotoka motoni, akiridhika atachukua ya shule nzima, kila siku. Shule nzima! Hata watu wanne wangepata kazi. Njiani nilirudi nikipiga mluzi.

Mkwe wangu nilimwambia tu kwamba Ijumaa kuna mgeni. Na kwa kuwa sikutaka mzaha mwingine na nyimbo zangu, Alhamisi jioni nilikichomoa kiflashi redioni nikakificha mahali ambapo hakuna mtu angekitafuta: ndani ya karai la unga uliokwisha kuchekechwa, chini kabisa.

Umeshajua. Mimi sikujua.

Ijumaa asubuhi binti akauchukua ule unga, ulikuwa umeshachekechwa, kwa nini auchekeche tena? Akamimina maji, hamira na chumvi, akakanda. Mimi nilikuwa naliwasha tanuri. Donge likaumuka vizuri sana, kumbe limebeba siri. Tulipokuwa tunakata madonge tuyatie kwenye mabati, akasema, "Mama, huu unga una mfupa."

Akakitoa. Kimelowa hamira, kimejaa unga kila tundu. Tukakifuta, tukakipuliza, mimi nikakibusu hata, nikakichomeka redioni. Redio ikakohoa, ikanyamaza. Tukajaribu tena, na tena, na kwa upande mwingine. Kimya.

"Toba!" nikasema. Nikakaa chini. Mume wangu alikuwa akizipenda nyimbo zile, yule wa tarumbeta alikuwa shahidi wetu wa ndoa, na mimi mwenyewe nimezikanda kwa chumvi. Nililia, sina haja ya kuficha.

Mkwe wangu hakuniuliza nani alikiweka kule. Alijua. Akanisimamisha, akasema, "Mama, tanuri limeshapata moto na mgeni yuko njiani. Tuingize mikate."

"Kwa wimbo gani?"

"Utaimba wewe."

Tukaingiza mikate, tukafunga mlango wa tanuri, nikaanza. "Fungua mlango, mpenzi wangu, nje nalowa, nje nalowa..." Mimi sauti ninayo, nimeimba kwaya. Lakini hofu, jamani. Nikikumbuka Matroni natia gia. Nikikumbuka Jumapili naongeza nyingine. Yule aliyefungiwa mlango akawa anaomba kufunguliwa kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

"Mama, unakimbia!" binti akanikatiza. "Hivyo mkate utatoka mbichi."

"Nitafanyaje sasa? Moyo unaenda mbio!"

"Uache uende. Mdundo nitaushika mimi."

Akaishika meza ya kukandia, akaanza kuipiga kwa viganja. Du, ka, du-du, ka. Kwenye ile "ka" alikuwa anagonga bati tupu. Mwendo ulikuwa uleule wa bendi, sijui aliupata wapi, kumbe miezi yote ile nikidhani hasikilizi alikuwa anasikiliza. Kisha akafungua mdomo. Kuimba hawezi, nimeshasema. Akachana. Maneno yaleyale ya wimbo wetu, neno kwa neno, fungua mlango, mpenzi wangu, nje nalowa, lakini kwa kufoka, anayakata pale yanapokatwa, anayaangusha juu ya mdundo. Yule bwana wa watu aliyelia kwa adabu miaka yote akawa amechoka kulia, sasa anadai mlango ufunguliwe, na kwa kweli niliona ana haki.

Halafu akanyamaza, akawa anapiga meza tu, ananitazama kwa macho makali.

"Mama! Gitaa!"

"Gitaa gani?"

"Hapa gitaa linacheza peke yake! Wewe ndiye gitaa! Haraka, tusipoteze mdundo!"

Nikawa gitaa. Mimi, mwanamke mjane, mwenye heshima zangu, nimesimama uani na ubao wa mikate mkononi, nasema tiriri-tiri-tiririri kwa pua. Ikafika tarumbeta, nikawa tarumbeta, paaa-pa-paa, huku nafungua mlango wa tanuri na kuisukuma mikate ya mbele nyuma, sekunde ileile inayotakiwa. Tukaingia kwenye treni. Binti akawa anachana jasho linamtoka, "Ngojeni! Ngojeni!" na mimi huku nyuma nikawa treni, ingawa kwenye wimbo wenyewe treni haisikiki. Aliniangalia, akatingisha kichwa kwamba sawa, iache. Nikaiacha. Na shingo yangu nayo, sijui niseme nini, ilikuwa imeshaondoka kitambo.

Kwenye ule wa wakwe ndipo nilipoona kivuli. Matroni amesimama kwenye mlango wa uani, miwani ameivaa. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nilimpungia mkono akae, maana singeweza kunyamaza, nilikuwa gitaa. Hakukaa. Binti alikuwa amempa mgongo, analalamika kwa mdundo juu ya mama mkwe asiyeridhika, mwenye maneno, mwenye kununa, na hayo yamo kwenye wimbo, siyo yake, ila aliyachana kwa raha ya kupita kiasi. Gitaa la mwisho likaisha. Nikafungua tanuri.

Mikate ilikuwa mizuri mpaka nikaiogopa. Rangi moja, mgongo umeinuka, ukiugonga kwa kidole unajibu. Sijawahi kuoka mikate ile hata bendi ilipokuwa hai.

Matroni akakatiwa kipande. Akatafuna polepole, akatafuna tena. Mimi nilikuwa nashika kanga yangu kwa mikono miwili. Nikawa namwangalia mkwe wangu, na ndani ya moyo nasema, kubali, mama, kubali, nisije nikalala peke yangu Jumapili.

"Mkate huu," akasema Matroni, "ni bora kuliko nilioutarajia. Tutauchukua."

Nilitaka kuruka. Binti akapiga vigelegele.

"Ila," akasema Matroni, akimnyooshea binti kidole, "hizi kelele. Ukituletea mikate shuleni, uje wewe, huyu asije. Sisi watoto wetu tunawakataza mambo haya. Mtu anafoka, anapiga meza, anasema eti ni muziki. Mama, wewe ni mtu mzima, utakubaliana na mimi. Huo siyo muziki."

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nawaapia. Maneno yenyewe yalikuwa yangu, nimeyasema asubuhi na jioni, nilikuwa tayari hata kuyaongezea chumvi. Nikamwona mkwe wangu anashusha macho, anafuta meza ambayo haikuwa chafu. 

"Ebo!" nikasema. "Nani kakwambia siyo muziki?"

"Mama, si anafoka tu?"

"Anafoka kwa mpigo! Wewe unaweza kufoka kwa mpigo? Hebu foka hapa tuone! Unajua kungoja gitaa wewe? Mimi nimeimba kwaya nikakimbia, huyu hajakimbia! Umekula mkate umeiva, umeivishwa na nini? Na miwani yako?"

"Mama, niliambiwa wewe ni mtu wa heshima."

"Walikudanganya! Huo ni muziki, na asiyeujua asije uani kwangu kuniharibia mwoka mikate wangu! Ukiutaka mkate atakuja nao yeye, anachana toka getini mpaka jikoni, la sivyo nenda kale plastiki!"

Akaenda. Aligeuka bila kuaga, akatoka na kipande chetu mkononi, wala hakukirudisha. Shule nzima ikatoka kwa mlango ule ule mwembamba. Nadhani mtaa mzima ulinisikia.

Mkwe wangu alikaa kwenye gunia, akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yakamchora njia kwenye unga usoni. "Mama, umemfukuza. Ulikuwa unaitafuta kazi ile kwa ajili gani?"

"Kwa ajili yako," nikamwambia. Sikuwa na nguvu ya kutunga jingine. "Nilitaka ukose sababu ya kuondoka. Sasa sababu unayo tena. Kazi hapa hakuna, mimi mwenyewe ni mtu wa kero, na nilikufokea siku ile vibaya. Lakini usiende. Usiniachie nyumba hii, mwanangu. Usiende."

Akaacha kucheka. Akaniangalia, akainuka, akaingia ndani. Nikasikia zipu ya begi. Nikajua basi, imekwisha, anamalizia kufunga. Nikachukua fagio nikaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

Akatoka na waya mikononi. Akauchomeka kwenye redio upande mmoja, upande wa pili kwenye simu yake, akasimama hapo.

"Nyimbo zako zimekufa, Mama. Kesho tutaoka kwa nyimbo zipi?"

Nilimtazama, nikatazama tanuri, nikatupa fagio chini.

"Haya, weka hizo zako," nikasema. "Lakini nionyeshe wimbo ukifika wapi tunasukuma mikate."